Yaya amelipa kebo yote na shene ya mugini kwabo imezimwa, njo nini hii?

Mwana_Katuba
Jambo yenu bote. Niko na ulizo, musinicheke. Yaya yangu, mukubwa wangu wa tumbo moja, iko Marekani, Des Moines, jimbo la Iowa, anatumika usiku na akirudi asubuhi kintu ya kwanza ni kufungula televizyo aangalie habari ya pale mugini, zaidi sana wakati huu wa baridi juu njo pale banatangazaka kama masomo imefungwa juu ya theluji, asipojua atapeleka batoto mpaka ku mulango na akute kufuli. Basi jana ananipigia wasap na hasira yote, eti shene yake imekuwa nyeusi siku ine sasa, kunabakia paka maandishi yanasema kampuni ya kebo na wenye shene hawakusikilizana bei, na chini bameweka namba ya simu ili mteja apige akabagombeze bale bengine!! Nikamwambia yaya, lipa abonema. Akanijibu nimelipa tarehe moja, fakitire iko hapa mbele yangu.

Sasa mi hapa Katuba, Lubumbashi, ninajua sababu tatu za televizyo kuzima: kuran (umeme) imeenda, abonema imeisha, ao upepo umegeuza parabole. Hii ya ine, ya mutu amelipa na bado anazimiwa, sijaisikia. Na kinachonichanganya kabisa, shene yenyewe anasema ni ya bule, inapita hewani. Kintu ya bule inaletea batu bugomvi ya makuta (pesa) namna gani? Mwenye kujua anielezeye pole pole.

Fundi_Parabole
Aizime dekoda dakika kumi, atoe karti, aipanguse na kitambaa kikavu, arudishe. Mara tisa kwa kumi ni karti.

Kasapa_93
Fundi hapana, karti haina kosa hapa hahaha. Ndugu wa Katuba, mi niliikala kule myaka sita, hiyo mambo ilinikuta mara mbili, acha nieleze.

Kule kila mji uko na stesheni zake, na kila stesheni kubwa inashikana na mtandao moja wa nchi nzima, ABC, CBS, NBC ao Fox. Inarusha hewani bule kabisa, ukiwa na antena unaikamata. Lakini batu wengi walishazoea kebo, ao dishi, ao siku hizi ile ya kupita kwa intaneti, wanalipa kampuni moja na kampuni inawaletea shene zote pamoja, za mji wao ndani. Zamani mwenye kebo alikuwa anakamata tu yale mawimbi ya hewani anawauzishia wateja wake, na mwenye stesheni hapati kitu. Wakalia sana hadi mwaka 1992 Congress, bunge lao, ikatoa sheria, Bush baba akaipiga veto, Congress ikaipitisha kwa nguvu vile vile. Ile sheria inasema kila myaka mitatu mwenye stesheni achague. Ao anamwambia mwenye kebo "lazima unibebe", na anabebwa lakini halipwi. Ao anamwambia "usinibebe bila ruhusa yangu", na hiyo ruhusa njo anaiuzisha. Vistesheni vidogo vinachagua ya kwanza juu bila hivyo nani atavitafuta. Zile za mitandao mine zinachagua ya pili, sasa ukiwa na mupira wenye jirani bote wanaulizia utautoa bule juu ya nini?

Bei inahesabiwa kwa kila nyumba yenye kebo, kila mwezi. Mkataba ukifika mwisho usiku wa manane na hawajapatana, mwenye kebo akiendelea kurusha anavunja sheria, kwa hiyo anatoa shene. FCC, wale wasimamizi wa mawasiliano, wanalazimisha tu pande mbili zijadiliane kwa nia nzuri, bei hawapangi.

Na angalieni siku wanazochagua. 2010 Fox na Cablevision, kampuni ya kebo, kule New York waligombana wiki mbili, nyumba kama milioni tatu zikakosa mechi mbili za kwanza za fainali ya baseball. 2013 CBS ilitoka kwa Time Warner Cable mwezi muzima, New York, Los Angeles na Dallas, tangu tarehe 2 mwezi wa 8 hadi tarehe 2 mwezi wa 9, ikarudi siku chache mbele ya futiboli yao kuanza. 2023 Disney, wenye ABC, na kampuni ya kebo Charter, wateja karibu milioni 15, wakapatana Jumatatu ileile yenye mechi kubwa ya usiku ya futiboli yao. Ukitaka kujua lini yaya atarudishiwa shene yake usiulize wanasheria, angalia kalenda ya mupira.

Mama_wa_Nganda
Mi niko na nganda (baa) hapa Kamalondo, nitasema paka hivi. Siku ya mechi ya Mazembe na Lupopo mutu azime shene na aandike "tunajadiliana" kwa skrini? Viti vingeruka bwana. Mara moja tu dekoda ilikataa dakika ya ishirini, nilirudishia batu bia kumi na mbili juu ya aibu, na kosa haikuwa hata yangu. Kwa hiyo hawa bazungu mwezi muzima wanaangalia maandishi na wanalipa?? Yaya yako abadilishe kampuni, njo dawa.

Mwana_Katuba
Mama nilimwambia hivyo. Anasema amefunga mkataba wa myaka mbili, akitoka mbele ya wakati anapigwa faini. Tena akienda kwa ingine, mwaka kesho ile ingine nayo itagombana na shene ingine.

Ripota_Ruashi
Naona mote munamuhurumia mwenye kulipa, sawa, lakini mi nilifanya kazi kwa stesheni ndogo ya hapa mugini na nitatetea kidogo upande wa pili. Habari haiotake kama nyasi. Iko kamera, iko moto-taksi ya ripota, iko mafuta ya grupu wakati hakuna kuran, iko mutu wa kukata picha hadi saa tano za usiku. Halafu mwenye kebo anachukua ile kazi anaiweka kwa bidhaa yake, anaiuzisha, na mi nibakie na matangazo ya sabuni? Yaya yako analipa kebo juu ya nini, si ni hizo habari za theluji? Basi mwenye kuzitafuta naye akule.

Kasapa_93
@Ripota mukubwa uko na haki, zamani hivyo njo walivyosema. Lakini fuata makuta uone inalalia wapi. Sehemu kubwa inapanda juu kwa mtandao, juu siku hizi mtandao unamudai stesheni sehemu yake, na zamani ilikuwa kinyume, mtandao njo ulilipa stesheni ibebe vipindi vyake. Ile inabakia inaingia kwa kampuni zenye stesheni mamia. Nexstar, moja ya hizo kampuni, 2023 stesheni zake 159 zilitoka kwa DirecTV, kampuni ya dishi, kwa mara moja, zaidi ya miezi miwili. Mutu wa kukata picha pale Des Moines sijui kama aliona hata dola moja ya ile vita.

Na mwenye kebo naye asijifanye malaika. Bei ikipanda anaisukumia mteja, tena wakati wangu nyingi zilikuwa zinaandika mustari peke yake kwa fakitire, malipo ya televizyo za hewani, hiyo haikuwa ndani ya bei waliyokutangazia kwa bango. Mi nilikuwa naiona kila mwezi na inaongezeka kila mwaka. Ile ya bule njo nilikuwa nailipia kuliko zote!

Bel_Air_Zamani
Musifikiri ni Amerika tu. Ufaransa 2022, tarehe 2 mwezi wa 9, Canal+, kampuni ya shene za kulipia, iliondoa TF1, shene kubwa ya bule, na shene zake zote juu ya bei ya mkataba mupya, ikapita mpaka mwezi wa 11. Na waliolia sana hawakuwa hata wateja wa kulipa, walikuwa wale wa TNT Sat, batu wa milimani fasi antena haishiki kitu, walinunua karti ya satelite waone shene za bule, zikakatika pamoja na zingine. Bugomvi ikaisha mbele kidogo ya Kombe la Dunia la Qatar, na TF1 njo ilikuwa na mechi za Kombe. Kasapa, ile kalenda yako inafanya kazi Ulaya pia.

Fundi_Parabole
Sasa nimeelewa. Lakini munazunguka mbali, mawimbi si bado yanapita juu ya nyumba yake? Anunue antena basi!!

Kasapa_93
Fundi leo umepiga msumari haha. Ndiyo, ile stesheni haijazima hata dakika moja, imetoka kwa kebo tu. Iko antena bapa sawa karatasi nzito, dola ishirini ao makumi tatu, anaibandika kwa dirisha upande unaoangalia minara, anaingia kwa menyu ya televizyo anatafuta shene upya, basi. Akiikala chini kabisa ya nyumba ao mbali na mji itasumbua, pale anahitaji ya juu ya paa. Tena apige simu kwa kebo aombe wamupunguzie mwezi huu, asingoje wamuitie. Wakati Disney ilitoka kwa YouTube TV, ile ya kupita kwa intaneti, mwisho wa 2025 wateja walipewa dola 20, lakini kampuni nyingi hazikupi mpaka uombe.

Mama_wa_Nganda
Kuomba tena? Mutu hakuletea bia, na ni wewe ulombe makuta yako?

Mwana_Katuba
Bandugu, narudi na habari. Yaya alinunua ile antena Jumamosi, dola makumi mbili na tano. Ya kwanza aliiweka nyuma ya televizyo, hakuna kitu. Mutoto wake wa myaka kumi na ine akaitoa, akaibandika kwa dirisha la kuku... pole, la jikoni (simu hii!!), ikashika shene ishirini na kitu, ingine ya Kispanyola, ingine inaonyesha tu bakauboyi bazee muchana kutwa. Na ile yake imo, picha safi kuliko ya kebo, mutoto njo anasema hivyo.

Jumatatu asubuhi akaona kwa chini ya skrini: masomo yanafunguliwa na masaa mbili ya kuchelewa. Akalala.

Kwa kebo alipiga simu, bamemungojesha dakika makumi ine na muziki, bakamupunguzia dola tano. Sasa anauliza kama abakie na kebo hadi mkataba uishe ao alipe faini atoke. Mi sijui, nimemwambia nitawauliza ninyi.

Fundi_Parabole
Alipe faini. Na akija likizo aniletee antena mbili za namna ile, hapa nitauzisha.

Kasapa_93
Fundi, antena itashika, lakini televizyo zao ni mfumo mwingine na wetu, asikuletee na televizyo juu yake.

Fundi_Parabole
Basi alete antena, na bei ya televizyo alete mukononi.