Giaboksi ya Yamaha 40 eBay, muuzaji ana asilimia 100, nimwamini?

Mwaloni_kwetu
Habari zenu wakuu. Niko Kirumba hapa Mwanza, tuna boti ya dagaa, injini ni Yamaha HP 40 ya tu-stroki na giaboksi imekufa, fundi kafungua kasema meno yamelika hakuna cha kuokoa. Mpya bei siiwezi, na za mtaani nyingi zimeshaungwa ungwa. Saivi mbalamwezi tumepumzika, ila giza likirudi nataka boti iwe majini. Mdogo wangu kanionyesha moja eBay, ule mtandao wa kuuza na kununua kwa mnada, muuzaji yuko Uingereza, mnada umebakiza siku 3 na dau limefika pauni 210, bado sijaweka la kwangu. Jamaa ana maksi 187 za maoni ya watu aliofanya nao biashara na asilimia 100 ni mazuri, hakuna hata mmoja aliyemsema vibaya. Ila nilivyomuuliza kama anatuma Tanzania akanijibu fasta nimrushie hela benki moja kwa moja, atanipunguzia pauni 30 na mnada ataufunga. Hela yenyewe ni ya watu sita, ikipotea sijui nitawaangalia vipi usoni. Nimwamini?

Ngosha_Igoma
Mkuu hapo kwenye benki ndo jibu lako lilipo, usitume hata senti. Ukilipa ndani ya eBay na mzigo haujafika au umekuja tofauti na maelezo, una siku 30 tangu ulipofika au tangu tarehe ya mwisho waliyokadiria utafika, unafungua kesi unarudishiwa. Ukituma benki huna pa kushtaki. Hata akihamia PayPal, ile huduma ya kulipa mtandaoni, akakwambia utume ile njia ya marafiki na familia kataa, hiyo haina ulinzi wa mnunuzi.

Halafu hiyo asilimia 100 isikupe usingizi. Bonyeza namba iliyo pembeni ya jina lake, utaona maoni aliyopewa kama muuzaji na aliyopewa kama mnunuzi yako mbalimbali. Tangu 2008 muuzaji haruhusiwi kumwekea mnunuzi maoni mabaya, kwa hiyo mtu akinunua nunua vitu vya pauni moja moja anajaza sifa tupu na hajawahi kuuza hata sindano. Na asilimia yenyewe inahesabu miezi 12 tu.

Mi huwa nasoma aliuza NINI na LINI. Ukikuta alikuwa anauza kava za simu, akakaa kimya miaka miwili, leo ghafla ana injini tisa za boti kwa bei ya kutupa, kimbia, akaunti za hivyo nyingine zimeibiwa na mwenyewe hana habari. Namwamini zaidi mwenye asilimia 98.9 ambaye kauza vipuri vya boti elfu mbili, yale maoni yake mabaya nayasoma yote moja moja, wakilalamika mzigo ulichelewa navumilia, wakilalamika kimekuja kitu kingine siyo cha kwenye picha naondoka, na naangalia pia aliwajibu vipi maana anayetukana mteja aliyekwisha lipa atakutukana na wewe.

Fundi_wa_ziwa
Naongezea upande wa chuma. Mwambie apige picha mpya leo, karatasi yenye jina lako iwe juu ya giaboksi. Aonyeshe na mafuta yanavyotoka kwenye nati ya chini, yakiwa meupe kama maziwa ujue maji yameshaingia, sili zimekufa. Na muulize shafti ni fupi au ndefu, inchi 15 au 20, ukikosea hapo haikufai hata kama ni mpya ya kwenye boksi. Mtu aliyeshika mali mkononi anajibu haya bila kuhangaika. Anayeokota picha mtandaoni atazunguka zunguka tu.

Kamanga2
Nunua hapa hapa mjini bwana, unashika kwa mikono yako.

MamaOva_Buzuruga
Kaka pole na boti. Mi naomba uangalie sana suala la ajenti wa mizigo. Nilinunua cherehani ya ovaloki kwenye mnada wa mtandaoni, muuzaji alikuwa mzuri kabisa wa miaka mingi, nikampa anwani ya ajenti kule Uingereza aniletee kwa meli. Boksi lilifika kwa ajenti salama, likakaa, likapanda meli, nimelifungua Mwanza miezi miwili na nusu baadae mguu umevunjika. Muuzaji anasema alituma nzima, ajenti anasema alipokea boksi limefungwa, na muda wa kulalamika ulishapita. Niliumia jamani. Saivi ajenti namlipa kidogo afungue boksi siku hiyo hiyo likifika, apige picha kila upande.

Ngosha_Igoma
Dada kasema kweli na ni kubwa kuliko nilivyoandika mimi. Ule ulinzi wa eBay unaishia anwani ya kwanza, mzigo ukishasafirishwa tena kwenda kwingine haupo. Kwa hiyo picha za ajenti ndo ushahidi wako pekee.

Mwaloni_kwetu
Wakuu nimeingia kuangalia. Zile 187 zote kasoro 4 ni za kununua, na hizo 4 aliuza michezo ya video. Nimemuomba picha yenye karatasi tangu jana asubuhi hajibu, ila kanikumbusha mara mbili habari ya benki. Nimeachana nae. Kuna mwingine anavunja injini za boti kama kazi yake, maoni zaidi ya 3,000, bei imezidi kwa pauni 60, nimemwandikia kuhusu mafuta na shafti. Fundi, ya kwetu nimepima leo ni inchi 20.

Fundi_wa_ziwa
Hiyo ndefu. Akikujibu weka picha hapa tuiangalie kabla hujalipa.