Henry IV alikuwa mfalme kamili, ilikuwaje akasimama pekupeku kwenye theluji kumsubiri Papa?

mzee_wa_magofu
Wakuu salama? Kuna kitu kinanisumbua, naombeni mnifungue macho. Zamani za Roma mambo yalikuwa simple tu, Augustus alivyoshika dola baadae mwaka 12 KK akachukua na cheo cha Pontifex Maximus, yaani kuhani mkuu, kwaiyo jeshi lake, hazina yake, na miungu nayo yeye ndo msimamizi, na alipokufa wakamfanya mungu kabisa. Sasa ruka mbele mpaka Januari 1077, mfalme wa Wajerumani Henry IV yuko nje ya ngome ya Canossa kule Italia, baridi kali, hana viatu, kavaa nguo ya sufu ya mtu wa toba, anasubiri Papa Gregory VII amfungulie mlango. Siku tatu! Na kinachonichanganya zaidi, baba yake Henry III mwaka 1046 alienda Italia akawaondoa mapapa waliokuwa wanagombania kiti akaweka wa kwake. Ni miaka 31 tu hapo katikati. Nini kilitokea? Au jamaa alikuwa mcha Mungu sana kuliko babake?

kalamu_butu
Mkuu jibu liko hapohapo kwenye hiyo miaka 31. Henry III alikufa 1056 mtoto hajafika hata miaka 6, mama yake Agnes ndo akawa anamshikia ufalme, na unajua nyumba ikikosa mwenyewe kila mtu anajichukulia. Mwaka 1062 askofu mkuu wa Cologne, Anno, alimrubuni yule mtoto apande kuangalia boti nzuri pale mto Rhine, alivyopanda tu wakapiga makasia, dogo akajirusha mtoni akaokolewa akarudishwa humohumo botini. Mtekaji ni askofu, tuelewane! Na huku Roma nako hawakulala, 1059 Papa Nicholas II akatoa amri kwamba Papa atachaguliwa na makardinali, mfalme akabakiziwa heshima tu ya maneno. Kwaiyo dogo anakuwa mtu mzima anakuta ule mlango aliopitia babake umeshafungwa na yeye anaendelea kuusukuma kama bado uko wazi.

Simba_wa_Pwani
Hao maaskofu msiwafikirie kama wa leo wa kubariki na kutoa kipaimara. Askofu wa Ujerumani enzi hizo alikuwa na ardhi, mji, kodi na askari, ni kama mkuu wa mkoa mwenye kanzu. Na wafalme waliwapenda kwa sababu moja ya kijanja sana, askofu hana mtoto halali wa kumrithisha, akifa eneo linarudi mezani na mfalme anateua mwingine, wakati ukimpa kabaila ardhi ndo imeenda hiyo mpaka kwa wajukuu. Sasa Gregory anasema mlei haruhusiwi kumpa askofu kiti, ugomvi ukawakia kwenye nani amteue askofu wa Milan. Mfalme akiachia hapo anabaki na nini? Ndo maana Januari 1076 pale Worms, mji wa Ujerumani, aliwakusanya maaskofu wake wakamkana Papa. Kwaresima Gregory akajibu, akamtenga na Kanisa na akawafungua raia wote viapo walivyomwapia. HAPO kwenye viapo ndo palimuua, maana ufalme wenyewe ulikuwa viapo, hakuna polisi wala mishahara ya jeshi, ukishaambiwa kiapo chako hakikufungi na tayari Wasaksoni, watu wa kaskazini mwa Ujerumani, walikuwa na hasira naye siku nyingi, unadhani watafanyaje.

bi_mkubwa77
Naongezea kidogo, hata kabla ya hapo ilishatokea. Mwaka 390 Kaisari Theodosius aliruhusu watu wachinjwe Thessalonike kulipiza kisasi cha kamanda wake aliyeuawa kwenye vurugu, Ambrose askofu wa Milan akamwandikia barua kwamba sitoi sadaka wewe ukiwepo. Kaisari akafanya toba hadharani. Ila Theodosius hakuna aliyemwambia ufalme basi, tofauti ni hiyo.

mzee_wa_magofu
Aisee hiyo ya boti sikuwahi kuisikia. Kwaiyo alienda Canossa kwa sababu alishashindwa?

kalamu_butu
Hapana, na hapa natofautiana na wengi wanaosema alidhalilika. Makabaila walishampa deadline, asipofunguliwa ndani ya mwaka mmoja tangu atengwe hawamtambui tena, na walishamwalika Papa aje Augsburg Februari 1077 wamhukumu pamoja. Henry akaona nikisubiri nimekwisha, akavuka Alps katikati ya majira ya baridi na mke wake na mtoto mdogo, akamuwahi Papa njiani. Papa aliposikia anakuja alidhani anakuja kupigana, akakimbilia kwenye ngome ya Matilda, mtawala wa Toscana, ndo hiyo Canossa! Sasa padri anafanyaje na mtu aliyekuja kutubu? Hawezi kumfukuza, na ndani humo Matilda, ambaye ni ndugu wa mbali wa Henry, na Hugh, abate (mkuu wa monasteri) ya Cluny, baba wa ubatizo wa Henry, wanamwombea. Gregory akamfungulia, wale makabaila wakabaki wanashangaa, mkutano wa Augsburg ukafa.

Simba_wa_Pwani
Ujanja sawa lakini haukumfikisha mbali mkuu. Machi hiyohiyo wakamchagua Rudolf kuwa mfalme mwingine, vita. 1080 akatengwa tena, safari hii hakuenda kutubu, 1084 akaingia Roma akaweka Papa wake akavishwa taji la ukaisari. Gregory akaokolewa na Wanormani, watawala wa kusini mwa Italia, waliouharibu mji vibaya mpaka watu wa Roma hawakumtaka tena, akafia Salerno 1085. Na Henry naye mwanae wa kumzaa akamgeuka, alikufa 1106 akiwa bado ametengwa, mwili ukakaa hadi 1111 ndo ukazikwa kiheshima pale Speyer.

bi_mkubwa77
Halafu huyohuyo mwana, Henry V, ndo aliyekubaliana na Papa Calixtus II pale Worms 1122: pete na fimbo ya kiaskofu anatoa Kanisa, ardhi na madaraka ya dunia anatoa mfalme kwa fimbo yake ya enzi. Yaani walipigana karibu miaka 50 kwa ajili ya nani ashike fimbo ipi 😂

mzee_wa_magofu
Nimeelewa wakuu, asanteni. Ila huyo Anno na boti yake, nitamuanzishia uzi wake kabisa.