Nimeomba kumiliki bastola kihalali, faili limekwama kata miezi minane sasa. Nifanyeje?

Msumari_Nchi_Nne (mleta mada)
Wakuu, habari za usiku. Naombeni ushauri, na wenye matusi mnivumilie kwanza maana nina mawazo.

Nina duka la vifaa vya ujenzi nje kidogo ya Dar, na hapo hapo nafanya uwakala wa kutuma na kutoa pesa. Mwezi wa pili walikuja watu watatu na pikipiki mbili, saa mbili kasoro usiku, nikiwa nashusha shata. Mmoja akaniwekea panga shingoni, ubapa wake. Ule ubaridi mpaka leo nikinyoa ndevu nausikia. Waliondoka na milioni nne na laki mbili na simu zote za uwakala.

Nikaamua kufuata sheria. Barua ya mwenyekiti wa mtaa nikapata, picha, leseni ya biashara, kila kitu. Faili likaingia kwenye kamati ya usalama ya kata na hapo ndipo limelala. Nikienda, kikao hakijakaa. Nikirudi, mhusika kasafiri. Mara ya mwisho mtu wa pale ofisini akaniuliza kwa sauti, mbele ya akina mama waliofuata barua za mkopo: "Wewe unataka bastola umuue nani?" Nilitoka pale mikono inatetemeka.

Swali langu: kuna namna ya kuruka kata niende moja kwa moja kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya)? Na hawa wanaopata haraka wanafanyaje?

Kobe_Mzee
Mkuu pole sana kwa yaliyokukuta. Hakuna kuruka. Ni mtaa, kata, wilaya, mkoa, ndipo msajili wa silaha. Wilayani kuna kamati ya usalama ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya, nayo ina ajenda zake nyingi, wewe na bastola yako mko mwisho wa orodha. Mimi ilinichukua mwaka mzima na zaidi.

Na ukishapata usidhani umemaliza. Nina shotigani tangu 2009. Ule uhakiki wa 2016 hapa Dar nilitoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, bunduki nimeizungushia mkeka wa kulalia, nikakuta foleni imeshafika barabarani. Nyuma yangu mzee wa miaka themanini na kitu na raifo ya kuwindia ya enzi za mkoloni, anaifuta vumbi na kanzu yake. Tulishinda pale mpaka saa tisa. Siku hiyo nilijua raia mwenye silaha hapa nchini ni mtu anayevumiliwa tu.

Dada_Pili
Samahani kaka, lakini mimi ningeuliza kwa nini milioni nne zilikuwa dukani saa mbili usiku. Mimi pia ni wakala. Kila ikifika saa kumi napeleka benki, nabaki na laki tatu. Wamenivamia mara moja, wakakuta laki moja na themanini na sambusa. Bastola ingenisaidia nini na wao wameshaniwekea panga? Ungewahi kuitoa?

Msumari_Nchi_Nne
Dada, ushauri wako nauheshimu, ila nilipo benki iko kilomita kumi na moja na barabara unaijua mvua ikinyesha. Swali langu ni la faili.

Kobe_Mzee asante. Nikuulize kitu kingine kidogo. Risasi zikikaa muda mrefu, tuseme miaka mitano sita, bado zinafanya kazi?

Mgambo_Mstaafu
Ngoja niwasimulie. Tabora, miaka ya tisini, baba yangu mkubwa alikuwa na bunduki halali kabisa kwa ajili ya nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mihogo. Kijiji kizima kilijua, na yeye alipenda ijulikane, maana alidhani ikijulikana wezi watamwogopa. Walikuja usiku, hawakugusa ng'ombe wala redio. Walikuja kuitafuta bunduki. Walimpiga mpaka akaonyesha ilipo, juu ya dari la jikoni. Aliishi miaka tisa baada ya hapo na mkono wa kushoto haukuwahi kunyooka tena. Na bado polisi walimhoji yeye, imekuwaje silaha yako ikaibiwa.

Kwa hiyo kijana, kamati ya kata ikikuuliza maswali ya kuudhi, mengine wanayauliza wakiwa na mifano ya namna hiyo kichwani.

Mbeba_Boksi
Wakuu mnalalamikia kata, njooni huku New York muone. Sheria ya vibali vya bastola hapa ni ya mwaka 1911, inaitwa Sullivan. Zaidi ya miaka mia moja, ukitaka kubeba bastola mjini lazima uthibitishe una sababu ya pekee, kuliko hofu ya mtu wa kawaida. Mwenye duka Bronx aliyeporwa mara mbili anaambiwa haitoshi. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya Marekani ikalifuta sharti hilo. Tukashangilia. Kufika Septemba mosi jimbo limeshatunga sheria nyingine: saa 16 za darasani, saa 2 za kulenga shabaha, majina ya watu wanne wa kushuhudia tabia yako, na ukishapata hicho kibali huruhusiwi kuingia nacho kwenye treni za chini wala Times Square. Mimi nafanya kazi ya usiku na nyumbani narudi kwa treni, sasa nitapita wapi? Jamaa yangu yuko Texas, tangu Septemba 2021 wanabeba bila kibali chochote. Nchi moja, bendera moja.

Mwana_wa_Eastlands
Huku Kenya mnakumbuka Desemba 2018? Matiang'i, waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, aliagiza raia wote wenye silaha wakaguliwe upya ndani ya siku 90, leseni za zamani zikawa karatasi tu. Ndugu ya mama yangu ana leseni kabla mimi nizaliwe, akapelekwa kupimwa akili na vidole kama mhalifu. Alikasirika hadi akasema afadhali aiachie serikali. Lakini alienda.

Wakili_wa_Kijiweni
Mleta mada, nimesoma swali lako la risasi mara mbili. Mtu ambaye faili lake liko kata, hajaruhusiwa hata kuingia duka la silaha, haulizi habari za risasi za miaka sita. Ukitaka tukusaidie, sema yote. Kuna silaha ndani?

Kobe_Mzee
Hata mimi lilinigonga.

Msumari_Nchi_Nne
Nilitegemea mtafika huku.

Iko, ila siyo ya wizi. Ni ya marehemu baba yangu, alikuwa mtumishi, aliimiliki kwa leseni tangu miaka ya themanini. Alifariki 2019 kule Same. Siku ya arobaini mama aliniita chumbani akanipa kopo la maziwa ya unga, zito, ndani kuna soksi ya kijivu ya mzee, ndani ya soksi ndiyo bastola, na risasi saba kwenye karatasi ya sukari. Ina kutu kidogo pale kwenye mdomo na inanukia mafuta ya cherehani, yale aliyokuwa anaipakia kila Jumapili. Nilikuja nayo Dar kwa basi, ndani ya kiroba cha mchele.

Sasa wakuu, kabla hamjanirukia. Sikuiteka, ni urithi. Shamba nimerithi, nyumba nimerithi, kwa nini hii niwape watu ambao hata barua yangu hawataki kuisoma? Na nilivyopanga siyo kosa kubwa: naihamishia dukani kuanzia wiki ijayo, kwa muda tu, mpaka leseni yangu itoke. Leseni ikitoka naiandikisha hiyo hiyo. Kwani nimemdhuru nani?

Wakili_wa_Kijiweni
Nakuandikia kama mdogo wangu. Leseni ya silaha ni ya mtu, haimfuati mwana kama hati ya shamba. Siku baba yako alipofariki, leseni ilikufa naye, na silaha ilitakiwa ikabidhiwe polisi. Ikiwa mikononi mwa polisi ndipo mrithi anaomba kumilikishwa. Wewe umeigeuza: unaomba kumilikishwa huku umeificha.

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ni ya 2015, kifungu cha 20 ndicho kinachohusu kumiliki bila leseni. Lakini kinachonitisha siyo hicho peke yake. Mashtaka ya silaha husomwa pamoja na Sheria ya Uhujumu Uchumi, na tangu marekebisho ya 2016 adhabu kule inaanzia miaka 20 na kufika 30. Nimesimama na mteja ambaye bunduki alikutwa nayo ilikuwa ya babu yake. Hakuwahi kuifyatua. Mke wake alikuwa anakuja mahakamani na chakula kwenye hotipoti, miaka miwili kabla kesi haijaanza kusikilizwa.

Halafu 2023, kuanzia mwezi wa tisa mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, serikali ilitangaza msamaha: salimisha kwa hiari, hushtakiwi. Hukusikia?

Msumari_Nchi_Nne
Nilisikia redioni. Niliogopa. Nilijiambia ni mtego.

Chura_Kiziwi
Wakuu mnakunywa chai hapa, hadithi ya kutunga, na hamjaombwa hata sukari. Huyu mleta mada namjua. Mwaka jana kwenye uzi wa mabati alisema, nanukuu kwa kumbukumbu, "mzee wangu yuko Same anamsimamia fundi". Leo mzee amekufa 2019! Alifufuka akaja kupiga mabati? Na kama ni chai mwambieni apunguze majani.

Mwana_wa_Eastlands
Aisee. Nilikuwa nimeanza kuhurumia.

Kobe_Mzee
Na mimi nina swali. Hiyo bastola ina magazini au ina silinda inayozunguka? Mtu aliyekaa nayo miaka yote hiyo atajua.

Msumari_Nchi_Nne
Sijui inaitwaje. Ina kile kitu cha duara katikati, kina matundu sita. Sijawahi kuifungua.

Chura_Kiziwi
Matundu sita, risasi saba. Chai. Au ni askari anatega watu humu waseme walipoficha za kwao. Msijibu kitu.

Mgambo_Mstaafu
Taratibu kijana. Kubeba matundu sita na kuwa na risasi saba mkononi ni vitu viwili. Baba yangu mkubwa alikuwa na ganda moja la ziada kwenye kabati maisha yake yote.

Msumari_Nchi_Nne
Chura, "mzee" kwenye uzi wa mabati ni baba mdogo. Ndiye aliyesimama nami baada ya msiba na ndiye anayeishi kwenye ile nyumba. Kwetu baba mdogo ni baba, sikuwaza kuandika ukoo mzima kwenye uzi wa mabati geji 28. Kama unadhani natunga, sawa. Ningekuwa natunga ningejipa ujasiri kidogo. Tangu wanivamie nalala na viatu.

Dada_Pili
Mimi namwamini. Mtu anayetunga hakumbuki karatasi ya sukari.

Kaka, nikuulize kitu ambacho hakuna aliyekiuliza. Hilo kopo liko wapi sasa hivi, na nani mwingine ndani ya nyumba anajua?

Mbeba_Boksi
Swali zuri. Huku lazima uwe na sefu, ukiwa na mtoto ndani ndiyo...

Dada_Pili
Mbeba_Boksi ngoja ajibu.

Msumari_Nchi_Nne
Juu ya kabati la nguo, chumbani kwetu. Mke wangu anajua kuna kopo la mzee, hajui kilichomo. Nilimwambia ni nyaraka.

Tuna kijana wa miaka sita. Wiki iliyopita nilirudi nikakuta stuli ya jikoni iko chumbani. Nikamuuliza, akasema alikuwa anatafuta maziwa, kopo lina picha ya mtoto anacheka. Hakulifikia. Sijamwambia mtu yeyote hili mpaka sasa hivi ninapoandika.

Dada_Pili
Ya Rabi.

Kobe_Mzee
Mkuu zima simu, nenda kalitoe juu ya kabati kabla hujasoma kingine.

Wakili_wa_Kijiweni
Hapana, Kobe, asianze kuzunguka nalo. Msumari, funga chumba hicho kwa ufunguo, ufunguo uvae. Mwambie mkeo usiku huu kilichomo. Usilipeleke dukani, usilipeleke kwa rafiki, usijaribu kutoa risasi wala kuifuta kutu. Kesho tafuta wakili wa karibu nawe, siyo mimi wa kwenye mtandao. Yeye ndiye awasiliane na polisi kwanza, mkubaliane inasalimishwa vipi, muandikishane. Beba cheti cha kifo na ile leseni ya mzee kama ipo. Siwezi kukuahidi watakavyokupokea, msamaha ule ulishapita. Lakini mtu aliyejipeleka na wakili wake hafanani na mtu aliyekutwa nayo chini ya kaunta.

Msumari_Nchi_Nne
Na ombi langu la kata je? Si ndiyo litakufa kabisa?

Wakili_wa_Kijiweni
Huenda. Acha life.

Msumari_Nchi_Nne
Bado naona siyo haki. Wale watu wa panga hawakuomba barua kwa mwenyekiti wa mtaa. Nimefuata utaratibu miezi minane na wa kufungwa niwe mimi.

Mgambo_Mstaafu
Siyo haki. Funga mlango.

Chura_Kiziwi
Kama ni kweli, mkuu, nisamehe. Nina wa miaka mitano hapa, ndiye aliyepanda friji juzi.

Msumari_Nchi_Nne
Nimerudi. Nimemwambia mke wangu. Hakupiga kelele, ambayo ni mbaya zaidi. Amemchukua mtoto wamelala sebuleni, mimi nimekaa kwenye korido, ufunguo uko shingoni kwenye kamba ya kiatu.

Nimempigia mama Same. Amelia, anasema hicho ndicho kitu pekee cha baba ambacho bado kinanukia mikono yake. Nikamwambia soksi nitairudisha. Leseni ya mzee anayo, iko ndani ya Biblia. Baba mdogo anapanda nayo basi la asubuhi.

Wakili nimeunganishwa na mmoja wa huku huku, anasema tukutane saa tatu ofisini kwake, niende mikono mitupu.

Dada_Pili
Ukienda, duka nani atakaa?

Msumari_Nchi_Nne
Nitafunga.