Ukoo wa Babu, Ujiji na Tabora

[06:41] Juma Tabora: Asalaam aleykum wote. Narudia na ntarudia mpaka mnijibu, ile simu yenye sauti ya Babu ISIWASHWE tena. Sefu kaniambia jana usiku inaleta maandishi meupe afu inaganda hapo hapo, sasa kila mkiiwasha inajaribu kuandika vitu kwenye diski ambayo imeshavurugika, na kikiandikwa kitu juu ya sauti ya Babu hairudi tena

[06:58] Juma Tabora: Nani kaamka?

[07:33] Mama Shani: Waaleykum salaam. Tupo mwaloni Kibirizi toka alfajiri

[07:35] Sefu: kaka nimeiwasha mara mbili tu leo nilitaka nione

[07:36] Juma Tabora: Sefu toa betri sasa hivi. Mfuniko wa nyuma unafunguka kwa ukucha

[08:10] Sefu: nimetoa. ilikua inaapdeti chaji asilimia 3 umeme ukakatika

[08:14] Juma Tabora: Basi ndo hapo. Hii PinePhone ni Linuksi, mafaili yake yamepangwa kwa mfumo unaoitwa ext4, na ext4 ina jono, yaani daftari la kujirekebishia simu ikizima ghafla, ila safari hii naona superbloku yenyewe imeguswa, ule ukurasa wa kwanza unaosema nini kiko wapi. Bado haijafa. ext4 inaweka nakala za ukurasa huo sehemu nyingine, ya kwanza mara nyingi iko bloku (kipande cha diski) namba 32768, tunaiambia e2fsck, ile programu ya kurekebisha diski, isomee hapo

[08:31] Rama: 32768 ndo bei ya migebuka leo 😂😂

[08:32] Mama Shani: 😂 mmoja au fungu

[08:32] Rama: mmoja, kichwa unaacha

[08:40] Juma Tabora: Jamani nawaomba

[09:05] Mama Shani: Juma mbona unahangaika hivyo, kuna fundi hapa Mwanga anaflashi elfu 15 tu simu inarudi mpya

[09:06] Juma Tabora: Mama Shani hapana. Kuflashi ni kufuta. Simu itarudi mpya kweli na Babu hatakuwemo

[09:20] Halima: fundi huyo si ndo yule wa simu ya Bibi?? picha za arobaini zikaenda zote mpaka leo sijasikia pole

[09:22] Mama Shani: Halima umeanza. Nilisema pole mbele ya watu

[09:22] Halima: hukusema

[09:23] Mama Shani: Ujumbe huu umefutwa

[09:41] Juma Tabora: Tuyaache hayo kwanza. Mimi naja na laptopu na memori kadi yenye Jumpdrive, programu ya kuifungua diski ya simu kwenye kompyuta. Simu hii inaanza kuwaka kwa memori kadi kabla ya diski ya ndani, so naichomeka kwa waya na diski yake inaonekana kwenye laptopu kama flashi tu. NANAKILI KWANZA diski nzima, afu e2fsck naiendesha kwenye nakala, ya asili siigusi. Na mjue mafaili mengine yatatokea kwenye folda ya lost+found bila majina, namba tupu, itabidi tukae tusikilize moja moja. Mkisikia mtu anakohoa kabla hajaongea ndo yeye

[12:50] Baba Mkubwa: Nimesoma yote. Humo baba yangu anataja mipaka ya shamba la Kalinzi, mti kwa mti. Nilikuwepo akisema lakini nina miaka 78 na vingine vimeanza kunitoka. Simu isitoke nyumba hii. Fundi asiitwe. Halima na Mama Shani mje Ijumaa baada ya swala, mkae mbele yangu.

[12:58] Sefu: sawa Baba Mkubwa

[13:20] Mama Shani: Sawa baba

[15:47] Halima: Nimesikia Baba Mkubwa

[16:02] Juma Tabora: Ahsante Baba Mkubwa. Nikipata siti ya treni wiki hii naja. Ila laptopu yangu imejaa, simu ni GB 32 na nakala inataka nafasi hiyo hiyo, nahitaji diski ya nje. Rama ile yako ina nafasi?

[16:40] Juma Tabora: Rama

[18:15] Juma Tabora: Rama bei ya migebuka uliijibu dakika hiyo hiyo

[21:09] Rama: ndo naingia home kaka. diski iko Kasulu kwa shemeji

[21:10] Juma Tabora: Shemeji yupi?