Problemu za hesabu ku nyumba: tupeane uzoefu, na wenu mnafanyaka aje?

Mama wa Himbi (Goma):
Jambo wote. Wangu wa mwaka ya ine ukimupa 75 000 kutosha 65 000 anamaliza mbele ujakaa, lakini ifiche ndani ya maneno, anapotea kabisa. Jana devwari ilisema mama amenunua mufuko wa makala franga 60 000, amelipa chukudu (kinga ya mbao ya kusukuma mizigo) 5 000, amegawa mafungu 50, kila fungu anauzisha 1 500, faida ni ngapi? Akaongeza kila namba aliona, hata ile 50 ya mafungu, akaniletea 66 550! Ya nini? "Ya makala, maman." Nikamupeleka nyuma ya nyumba tukamwaga makala yetu chini, mafungu tano tu juu ingine nilipangia maharagi, yeye anauzisha mie nanunua, nalipa na vifuniko vya chupa. Tano ikatoa 7 500, mwenyewe akasema basi 50 ni mara kumi. Akatosha 60 000. Nikamuuliza na ule kijana wa chukudu alisukuma bure? Akacheka, akatosha 5 000 ingine, ikabaki 10 000. Kaye ilichafuka yote lakini bon.

Papa Kadutu (Bukavu):
Kwetu shida ni neno "zaidi", akiliona tu anaongeza. "Furaha iko na mikate 12, ni 4 zaidi ya ya dada yake, dada iko na ngapi?" Akaandika 16. Sasa nafunika namba na kidole, namuambia anielezee kwanza nani iko na mingi. Akisha kusema ni Furaha, ile 16 anaifuta mwenyewe. Na ikiwa kwa Kifaransa namugeuzia kwa Kiswahili.

Mama wa Himbi:
Lakini usimugeuzie kila siku papa, mutihani wa mwisho wa primeri itamukuta na Kifaransa chake!

Papa Kadutu:
Ni kweli. Basi atageuza yeye, mie nasikiliza.

Mwalimu wa Katuba (Lubumbashi):
Mie niliaibika mu kalasi yangu. Niliandika ku tablo: ndege inatoka Lubumbashi 10h00, inafika Kinshasa 11h30, safari ni saa ngapi? Bote banasema moja na nusu, na mie ni ile nilikuwa nayo mu kaye. Katoto kamoja ka nyuma kakanyosha mukono, asema hapana mwalimu, papa yake akipigaka simu toka Kinshasa, huku ikiwa saa tano kule ni saa ine. Yaani mbili na nusu! Nilifuta tablo polepole sana hahaha. Kale katoto ku mazidisho ni kazaifu, lakini siku ile kalinifundisha.

Mama wa Himbi:
😂😂 Wangu naye leo ananiuliza: maman, na ile vumbi ya makala inabaki chini ya mufuko tunaihesabia wapi?