Kuutafuta ukoo wa baba wa nyanya yangu huko Ayalandi

Kitukuu wa Jinja:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Nyanya yangu mzaa mama alizaliwa Jinja mwaka 1931, mwaka uleule ambao reli iliyovuka mto Nile ilifika Kampala, na baba yake alikuwa fundi wa reli, mzungu, aliyeondoka kabla mtoto hajaanza kutembea. Nyumbani tulizoea kumwita Mwingereza, kwa kuwa wazungu wote waliitwa hivyo, hadi nyanya alipokuwa mgonjwa sana ndipo akatueleza kwamba mtu huyo alikuwa akikataa jina hilo na kusema kwao ni Mayo, Ayalandi. Jina lake la kwanza lilikuwa Patrick. La ukoo tunalo, lakini ni la watu wengi mno na sitaliandika hapa. Jambo moja zaidi: ni yeye aliyetaka mtoto abatizwe Brigida.

Mwaka jana nilipima vinasaba kwa mate, nikaonyeshwa mtu anayeishi Ayalandi ambaye tunashiriki naye sentimogani 118, yaani kipimo cha urefu wa vinasaba ambavyo watu wawili wanafanana. Siku hiyohiyo nilimwandikia kwamba babu yake alimtelekeza nyanya yangu. Hajanijibu, na sasa ni miezi minane. Je, niendelee vipi na utafutaji, na je, inafaa nimwandikie tena? Hatutafuti mali wala pasipoti. Mama yangu ametimiza miaka sabini na anatamani kujua babu yake alikuwa mtoto wa nani.

Msomaji wa Nyaraka, Kampala:

Pole kwa kufiwa na nyanya. Neno hilo moja, Mayo, lina thamani kuliko jina la ukoo, kwa sababu nyaraka za Ayalandi hupangwa kwa mahali, kuanzia kaunti, kisha parokia, hadi vitongoji vidogo ambavyo idadi yake inazidi 60,000.

Utaambiwa kwamba kumbukumbu za nchi ile ziliteketea zote. Si kweli. Ni kweli kwamba Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, hifadhi ya nyaraka iliyokuwa katika majengo ya Four Courts mjini Dublin iliungua, na humo zikapotea sensa za kuanzia 1821 hadi 1851, ilhali zile za 1861 hadi 1891 zilikwisha kuharibiwa kwa amri ya serikali yenyewe. Lakini sensa za 1901 na 1911 zipo, na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ayalandi imeziweka kwenye intaneti bila malipo. Ikiwa Patrick wenu alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi alipokuwa Jinja, basi mwaka 1911 alikuwa mtoto wa miaka kumi nyumbani kwa wazazi wake. Fomu ya mwaka huo inataja kila mtu wa nyumba, umri na dini yake, na kwa kila mwanamke mwenye mume inaeleza amezaa watoto wangapi na wangapi wangali hai. Tafuta nyumba yenye mtoto Patrick ambaye mama au nyanya yake ni Bridget, yaani Brigida kwa Kiingereza, maana watu wa huko, kama sisi, walikuwa wakiwarithisha watoto majina ya wazee wao. Bridget ni wengi, kwa hiyo jina hilo litakupunguzia orodha tu, halitakupa jibu. Kisha linganisha na vyeti vya kuzaliwa, ambavyo serikali ilianza kuviandikisha kwa watu wote mwaka 1864 na ambavyo husomwa bure vikishapita miaka mia moja.

Hapa kwetu, anzia parokiani. Mapadri wa Mill Hill waliohudumia Busoga waliandika vitabu vya ubatizo kwa Kilatini, kwa hiyo mtafute Patricius pia. Halafu Kew, London, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, kuna orodha za abiria waliotoka Uingereza kwa meli hadi 1960, katika fungu la BT 27, zenye umri na kazi ya msafiri.

Shangazi wa Tororo:

Mwanangu, mwandikie tena, lakini kwanza uelewe ulichofanya. Sentimogani 118 hazithibitishi kwamba huyo ni wa uzao wa Patrick. Kiasi hicho humfaa kitukuu wa Patrick kwa mke mwingine, na humfaa vilevile mjukuu wa kaka au dada yake. Kwa hiyo yawezekana ulimshtaki babu ambaye hakuwahi kukanyaga Uganda. Familia ya marehemu mume wangu ilifanya kosa la namna hiyo kwa jamaa wa Uskoti, na mlango ulifungwa miaka sita.

Mama apimwe haraka, maana yeye kwa wastani ana robo ya vinasaba vya Patrick na wewe una thumuni tu. Ataonyeshwa jamaa ambao wewe huwaoni. Barua ya pili iwe fupi. Omba radhi kwa ile ya kwanza, mweleze mama ni nani, taja Mayo na mwaka 1931, kisha uliza swali moja tu, kama katika ukoo wao aliwahi kuwapo mtu aliyefanya kazi ya reli Afrika Mashariki. Mwambie pia kwamba akipenda kunyamaza hutamsumbua tena, na utimize ahadi hiyo. Usiwaandikie jamaa zake wengine kabla hajajibu, kwani huenda yeye mwenyewe anatafuta namna ya kuwaeleza wazee wake.

Kitukuu wa Jinja:

Shangazi, nimesoma maneno yako mara tatu, na kwa kweli sikuwahi kumfikiria kaka wa Patrick. Mama amekubali kupimwa. Jumamosi tutakwenda pamoja parokiani kuomba kitabu cha ubatizo cha 1931. Barua nimeiandika upya usiku huu, haizidi nusu ukurasa, na mama ameomba tuambatanishe picha ya nyanya akiwa msichana, amesimama karibu na daraja la reli pale Jinja. Nyuma ya picha tumeandika mwaka aliozaliwa na jina Brigida, hatukuongeza lolote.