Nyumba ya mawe ya bibi, fundi anataka kumwaga zege. Naomba ushauri

Mjukuu wa Malindi
Assalaam alaykum. Tumerithi nyumba ya bibi Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene kama nusu mita, dari za boriti. Tunataka iwe nyumba ya wageni, na mgahawa ghorofa ya juu. Ukuta wa nyuma una ufa, mpana juu, unapungua kuelekea dirishani. Fundi anasema tung'oe boriti zote, tumwage zege la nondo, tupige lipu ya saruji ndani na nje. Roho inasita. Tangu Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Forodhani, iporomoke sehemu yake Desemba 2020 na kuua watu wawili, sipiti chini ya ule ufa bila kutazama juu.

Mzee wa Chokaa
Waalaykum salaam mwanangu. Asiguse kitu kwanza. Boriti ndizo zinazozishika kuta zisiachane. Ukizing'oa zote kwa mpigo, ukuta unabaki wima peke yake. Na saruji usiipake. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji ardhini na kuyatoa kupitia chokaa. Ukiuziba, unyevu unabaki ndani na chumvi inaula, hata lipu ikija kubanduka unakuta ndani ni unga. Nimezichokonoa kuta za namna hiyo kwa kidole.

Ufa mpana juu mara nyingi ni ukuta unaoegemea nje. Paka plasta nyembamba juu yake, andika tarehe. Ikikatika, ufa bado unatembea.

Mhandisi
Naongeza la matumizi. Chumba cha kulala tunakipigia hesabu mzigo wa kilo 200 hivi kwa mita ya mraba ya sakafu, mgahawa wa meza 300, na watu wakisongamana wamesimama 500. Kwa hiyo mgahawa ushuke chini, vyumba viwe juu. Upana wa vyumba vya zamani, kama mita 3, uliamuliwa na urefu wa boriti, na kwa kulala unatosha. Tangi la lita 2,000 ni tani 2, lisikae juu ya dari.

Kuta zifungwe kwa vyuma visivyoshika kutu, ukuta hadi ukuta, usawa wa dari. Ufa ujazwe uji wa chokaa, kuanzia chini kwenda juu, kidogo kidogo. Boriti mbovu zibadilishwe moja moja.

Bi Shangani
Na kibali mwanangu, Mamlaka ya Mji Mkongwe, kabla ya nyundo. Ile Dispensari ya Zamani pale barabara ya Mizingani ilikarabatiwa miaka ya 1990 ikapewa kazi mpya, nenda kaitazame.

Mjukuu wa Malindi
Ahsanteni sana. Asubuhi nimegonga boriti zote. Nne chini ya choo cha juu zinalia kama tupu, na bomba linavuja hapo hapo, kwenye ukuta wenye ufa.

Mzee wa Chokaa
Basi funga maji ya choo hicho sasa hivi, na zitegemezwe leo. Chumba kilicho chini yake, asilale mtu.